Eksirei ilisema mgongo mzima, MRI ikaonyesha mfupa umeanza kuumia: yaliyompata mpwa wangu mcheza sarakasi, Bagamoyo

Mjomba wa Dunda (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu. Jambo hili nimelikalia mwezi mzima. Leo naliandika kwa sababu jana jioni nimeona watoto wanafundishwa samasoti ya nyuma pale pwani, upande wa soko la samaki, na mmoja wao kila akitua anajishika kiuno upande mmoja. Mpwa wangu alianza hivyohivyo.

Kijana ana miaka 15, mtoto wa dada yangu, naishi naye hapa Dunda. Sarakasi ameianza akiwa na miaka tisa. Wenyeji mnajua, mtoto wa Bagamoyo akiona wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa kwetu, wanapanda piramidi, keshapata la kuota usiku. Kikundi chao cha mtaani hufanya mazoezi maji yakipwa, mchanga ukiwa umeshindiliwa. Mchanga ule unakurusha vizuri ila ukishuka unakupokea vibaya. Kazi yake yeye ni daraja na samasoti za nyuma mfululizo, sita mpaka nane, mgongo unapinda hadi mbavu zinahesabika.

Tamasha lilipokaribia mazoezi yakawa mara mbili kwa siku. Akaanza kulalamika kiuno, chini upande wa kushoto, karibu na nyonga. Akikaa hana neno, akiinama kufunga kamba za viatu hana neno. Akijipinda nyuma ndipo anakunja uso. Nikampa dawa ya maumivu, apumzike siku mbili. Alipumzika, akarudi mazoezini, na maumivu yakarudi.

Zahanati moja ikamchoma sindano. Hospitali moja ikampiga eksirei, ya mbele na ya ubavuni. Aliyeisoma akasema mgongo mzima, ni misuli tu. Nikarudi nyumbani nikamwambia kijana maneno ambayo nikiyakumbuka roho inaniuma: "Umesikia mwenyewe, mgongo mzima, acha uvivu." Akaendelea na mazoezi wiki tano nyingine. Mimi ndiye niliyemrudisha.

Usiku mmoja alikuwa anafunga chandarua. Msumari uko juu ya dirisha, akajinyoosha, akaegemea nyuma kidogo, akakwama hapohapo, mikono juu na kamba mkononi, hawezi kuendelea wala kurudi. Machozi yanamtoka na sauti haitoki. Nikamshika kiuno nikamshusha kitandani kama mtoto mchanga.

Kesho yake tukapanda daladala ya Makumbusho kwenda kumwona daktari wa mifupa Dar. Yule daktari hakuanza na karatasi. Alimwambia asimame mguu mmoja ajipinde nyuma kidogo, kisha abadilishe mguu. Kulia sawa, kushoto akaruka. Akaandika MRI, ile picha ya sumaku. Majibu: pingili ya tano ya kiuno, upande wa kushoto, mfupa umejaa maji kwa ndani, ufa bado haujatokea. Tumewahi kwa nywele tu.

Nilichokuja kusema ni hiki: eksirei safi si ruhusa ya kumrudisha mtoto mazoezini. Mwenye ujuzi aongezee, asiyejua aulize.

Pwani Yetu

Pole sana mkuu, na kijana apone. Yule mtoto uliyemwona jana, umeongea na wazazi wake?

Mjomba wa Dunda

Nimemfuata leo asubuhi, ni wa Magomeni ya hapahapa Bagamoyo. Baba yake mvuvi. Amenisikiliza kwa adabu, akasema tamasha likiisha mtoto atapumzika mwenyewe. Sikumshinda. Nami miezi michache nyuma ningejibu vivyo hivyo.

Mama Nasra

Kaka yangu, umenitoa machozi. Binti yangu ana miaka 13, anacheza netiboli, ni mfungaji. Mwezi wa pili huu analia kiuno akijinyoosha kutupa mpira. Naye eksirei imesema safi. Ninachohofia ni hiyo mashine yenyewe. Nimesikia ina mionzi mikali, na huyu ni mtoto wa kike, kesho na keshokutwa atataka kuzaa.

Fundi wa Picha

Mama Nasra, hofu yako naielewa, nakutana nayo kila siku kazini. Mimi ni mpiga picha za uchunguzi, niko chumba cha MRI. Mashine hii haitumii mionzi ya eksirei hata kidogo. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Eksirei na CT, yaani eksirei ya vipandevipande inayopangwa na kompyuta, ndizo zenye mionzi, na CT ya kiuno inapita jirani kabisa na mayai ya uzazi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutaka MRI itangulie kwa watoto.

Sasa nirudi kwa mleta mada, maana swali kubwa ni kwa nini eksirei ilikosa.

Nyuma ya kila pingili kuna kijidaraja chembamba cha mfupa, kinaunganisha kiungo cha juu na kiungo cha chini cha pingili hiyo. Mtu akijipinda nyuma, hasa akijipinda huku anajizungusha, pingili ya juu inashuka na kukibana kile kijidaraja kama meno ya koleo. Pingili ya tano ya kiuno ndiyo inayobanwa zaidi, kwa kuwa iko chini kabisa na imekaa kwenye mteremko. Kati ya asilimia 85 na 95 ya majeraha haya yako hapo. Mfupa ni kitu hai, unaumia kidogo na kujikarabati usiku. Ukibanwa kila siku kuliko unavyoweza kujikarabati, ndani ya uboho maji yanajaa. Ufa hauna haraka, unakuja baadaye. Na mfupa wa kijana wa miaka 13 au 15 bado haujakomaa.

Eksirei inaona sehemu ngumu ya mfupa. Maji haiyaoni. Kwa hiyo katika hatua ile ambayo mtoto anaweza kutibika kwa kupumzika tu, picha ya eksirei inatoka nzuri, na aliyeisoma hakudanganya. Alichokosea ni kudhani kwamba asichokiona hakipo.

MRI inasikiliza chembe za haidrojeni, zilizomo ndani ya maji na ndani ya mafuta. Hapo kuna mtego: uboho nao una mafuta mengi, nayo yanang'aa, yanayaficha maji. Ndiyo maana tuna aina ya picha inaitwa STIR, inayozima mafuta ili maji pekee yabaki yanang'aa. Ninyi wa Bagamoyo mtanielewa: taa zote za ufukweni zikizimwa, karabai ya mvuvi wa dagaa unaiona hata ikiwa mbali. Mfupa mzima unatoka mweusi, ulioumia unatoka na doa jeupe.

Na hili mlishike. MRI ya kiuno ya kawaida imepangwa kwa ajili ya wagonjwa wa diski, zile pedi laini kati ya pingili na pingili. Vipande vya picha vina unene wa milimita nne au tano, na pengine STIR haimo. Kijidaraja tunachokitafuta ni chembamba, vipande vinene vinaweza kukiruka. Fomu ikiandikwa "maumivu ya kiuno" basi, tutapiga ya diski. Iandikwe umri, mchezo, upande unaouma, na kwamba daktari anashuku jeraha la uchovu la mfupa nyuma ya pingili. Hapo tunaweka vipande vyembamba na tunazima mafuta. Neno moja kwenye fomu linabadilisha picha nzima.

Mama Nasra

Mungu akubariki. Nimenakili neno kwa neno kwenye daftari. Ndani ya mashine kukoje?

Mjomba wa Dunda

Hapo nikujibu mimi, nilisimama naye mpaka mlangoni.

Kwanza wanakagua chuma. Ufunguo, mkanda, simu, kadi za benki, vyote nje. Wanauliza kama una kifaa chochote cha chuma mwilini, na ukiwa nacho usifiche. Mpwa wangu alikuwa na hirizi kiunoni, bibi yake alimfunga utotoni, ya ngozi lakini ndani ina kibati. Kijana akasita. Yule dada wa picha hakumcheka wala hakumkemea. Alimwambia, "Mpe mjomba wako aishike, ukitoka unaivaa." Nikaifumbata mkononi muda wote. Shanga za kiunoni, hereni na vibanio vya nywele vya binti yako, Mama Nasra, avue nyumbani kabisa.

Halafu ni kulala chali ndani ya bomba, kama nusu saa. Kelele zake ni za fundi anayegonga bati, zinakatika, zinaanza nyingine. Wanampa vya kuziba masikio na kitu cha kubonyeza mkononi akizidiwa. Hakuchomwa dawa yoyote. Kazi ni kutulia tu. Kijana anasema alikuwa anahesabu samasoti kichwani, alipofika mia nne wakamtoa.

Gharama si ndogo na inatofautiana hospitali kwa hospitali. Pigeni simu kwanza, na mwenye bima aulize kama kipimo kinahitaji kibali, asifike dirishani ndipo aambiwe.

Kocha Mkongwe

Niseme kwa upande wa walimu. Nimefundisha sarakasi zaidi ya miaka ishirini. Sisi tuliumwa viuno wote, hakuna aliyepelekwa kwenye sumaku, na tuko hai. Miaka miwili iliyopita nilipigwa picha kwa tatizo jingine nikaambiwa nina ufa wa zamani pande zote mbili, pingili ya tano. Nabeba gunia, nasukuma ngalawa. Sitaki vijana waogopeshwe hadi waache sanaa. Je, kila mwenye doa jeupe ni mgonjwa?

Fundi wa Picha

Swali zuri, kocha, na nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani.

Watu kama wewe ni wengi. Kule Marekani walifuatilia watoto 500 wa darasa la kwanza tangu miaka ya 1950. Wakiwa na miaka sita, asilimia 4.4 walikuwa na ufa huu. Walipofika utu uzima ikawa asilimia 6. Wengi hawakujua. Waliokuwa na ufa upande mmoja, hakuna ambaye pingili yake iliteleza mbele katika miaka yote waliyofuatiliwa. Wenye ufa pande zote mbili ndio wanaoweza kuteleza, na mara nyingi ni kidogo. Kwa hiyo ufa si hukumu.

Lakini wewe ufa wako ni wa kale, umekauka, hauna maji. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walipanga hatua hizi kwa MRI: sifuri ni mfupa mzima, moja ni maji bila ufa, mbili ni ufa usiokamilika, tatu ni ufa kamili wenye maji, nne ni ufa kamili uliokauka. Wewe ni wa nne. Mpwa wa mleta mada ni wa kwanza. Wa kwanza akipumzishwa mfupa unarudi ulivyokuwa. Wa nne hata apumzishwe mwaka, kingo zimeshazoea kuachana. Tofauti kati yao inaweza kuwa miezi michache tu ya mazoezi.

Na kweli, doa jeupe limewahi kuonekana hata kwa wanamichezo wasioumwa, hasa warushaji wa kasi wa kriketi. Picha haisomwi peke yake, inasomwa na mtoto akiwa amesimama mbele yako. Hao warushaji ndio waliotufundisha mengi. Dennis Lillee wa Australia mgongo wake ulipata nyufa mwaka 1973, enzi ambazo MRI haikuwepo hospitalini. Akakaa nje kwa muda mrefu, akajijenga upya, akarudi kurusha. Hakuacha mchezo wake, kocha.

CT nayo ina nafasi yake. Mstari wa ufa inauonyesha vizuri kuliko MRI ya kawaida, na daktari akitaka kujua kama ufa umekamilika anaweza kuiomba kwa pingili moja tu. Siku hizi zipo MRI zenye vipande chini ya milimita moja vinavyoonyesha mfupa karibu kama CT, ila si kila mashine inaweza.

Kocha Mkongwe

Nimekuelewa. Hiyo ya kwanza na ya nne imenikaa. Mwaka mmoja nilikuwa na kijana aliyenilalamikia hivyohivyo nikamwongezea mazoezi ya kulainisha mgongo. Nikidhani umekakamaa.

Bi Kiembe

Wanangu, hamjambo. Sisi wa zamani kiuno cha mtoto kilikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo, au mdogo wake anampanda mgongoni taratibu. Mbona hilo hamlitaji?

Mtaalamu wa Viungo

Shikamoo Bi Kiembe. Kumkanda misuli kwa maji ya moto hakuna ubaya, kunatuliza. Kumpanda mgongoni, kumvuta au kumvunja kiuno mpaka kilie, hapana mama yangu, tafadhali. Mfupa uko katikati ya kujiunga, na anayekanyaga hajui anakanyaga wapi.

Mimi hawa watoto huletewa baada ya picha. Mpango wangu hauna maajabu. Kujipinda nyuma, kuruka na kujizungusha ni marufuku, kwa kawaida kama miezi mitatu. Kutembea ruksa. Baadaye tunajenga misuli ya tumbo na ya makalio, na tunanyoosha misuli ya nyuma ya paja, ambayo karibu wote wanakuja nayo imekaza kama kamba ya jahazi. Mkanda wa mgongo baadhi ya madaktari huuandika, baadhi hawauandiki. Kinachoponya ni kuacha kile kilichoumiza. Na kocha, lile la kulainisha mgongo usijilaumu peke yako, nimeshaona hata watu wa hospitali wakilifanya.

Nawaomba kitu kimoja. Si kila kiuno cha mtoto ni hiki. Maumivu ya usiku yanayomwamsha, homa, jasho la usiku, kukonda, hayo yatupeleke kufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu kipo na kinakula pingili kimyakimya. Miguu ikifa ganzi au kupoteza nguvu, au mtoto akishindwa kuzuia mkojo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mwenye selimundu naye mifupa yake ina hesabu nyingine, daktari aambiwe mapema.

Mama Nasra

Mrejesho wangu, ndugu zangu. Tumepiga MRI. Kumbe fomu ya kwanza iliandikwa "kiuno" peke yake, nikatoa daftari langu nikamsomea mtu wa mapokezi. Akaniangalia, akaenda kumpigia daktari simu, wakaiandika upya. Majibu yametoka leo: pande zote mbili kuna maji, kulia kuna ufa ulioanza usiokamilika. Nimelia, halafu nimeshukuru. Netiboli imesimama. Binti amenuna, hasemi na mimi tangu mchana.

Mtaalamu wa Viungo

Mpe kazi ndani ya timu, Mama Nasra. Aandike mabao, ashike saa. Mtoto aliyekatwa na wenzake ndiye anayeiba mazoezi.

Mjomba wa Dunda

Wakuu, mrejesho, sasa ni mwezi wa nne tangu kijana alipolala kwenye ile mashine.

Wiki ya saba maumivu yaliisha kabisa. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko mwanzo. Kijana anatembea, anacheka, anasema mjomba nimepona, na mimi nilitamani kumwamini. Daktari alikuwa amenionya kwamba maumivu hutangulia kuondoka, mfupa unabaki nyuma. Nikaficha viatu vyake vya mazoezi juu ya kabati. Nilijua anajua viko wapi. Hakuvigusa.

Picha ya pili tumepiga wiki iliyopita. Daktari ameweka ya zamani na mpya pamoja kwenye kompyuta. Ile ya zamani, upande wa kushoto, doa jeupe kama punje ya mchele. Mpya, mahali palepale, peusi. Nilimwomba anionyeshe tena.

Jumamosi anaanza na msamba na kusimama kwa mikono. Samasoti ya nyuma bado, mpaka mtaalamu wake wa viungo aseme. Kikundi kimekubali kuhamishia mazoezi ya kuruka kwenye mchanga mkavu, na samasoti za nyuma zihesabiwe kwa kila mtoto. Kocha Mkongwe amekuja mwenyewe kuongea nao, namshukuru mbele yenu.

Pwani Yetu

Alhamdulillahi. Na yule mtoto wa Magomeni?

Mjomba wa Dunda

Tamasha liliisha, hakupumzika kama tulivyoambiwa. Juzi baba yake amenifuata sokoni, ameshika bahasha ya eksirei. Safi, akaniambia, imeandikwa safi, lakini mtoto hawezi kunyanyua ndoo. Tumekwenda kwa daktari, ameandika MRI, na fomu nimeisoma mwenyewe kabla hatujatoka chumbani: miaka 14, sarakasi, kiuno kulia.

Tunakwenda Jumatatu na daladala ya kwanza. Mpwa wangu amesema lazima naye aende, akamwambie mwenzake jinsi ya kuhesabu mle ndani.